Tuonyesheni Corniche, lakini msifiche saa

Kila ikifika Juni, simu za vijana wetu wa Garsen, Minjila, Ngao na Hewani hujaa video za aina moja. Jamaa kavaa miwani nyeusi, shati limepigwa pasi, nyuma yake maghorofa ya West Bay yanawaka taa, chini maji ya Ghuba yametulia. Muziki mtamu. Maandishi: "Siku yangu ya ofu Doha." Laiki kibao, na ukishuka kwenye komenti ni yale yale: "Kaka nitoe huku." "Dada, namba ya ajenti tafadhali." "Mungu atukumbuke na sisi."

Nina swali moja kwa wenye video hizo, na naliuliza mbele ya watu: hiyo ni saa ngapi?

Nauliza kwa sababu mimi naishi hapa hapa. Ni mtoto wa Hewani, nimekulia kando ya mto Tana, na huu ni mwaka wangu wa tatu Doha, nafanya kazi ya ulinzi. Natoa video kama nyinyi. Corniche naijua, Souq Waqif naijua, metro naipanda. Kwa hivyo najua kitu ambacho mtoto wa Wema anayetazama video yako chini ya mwembe hawezi kukijua: ile video imepigwa saa tatu usiku. Na haikupigwa usiku kwa sababu usiku una taa nzuri. Imepigwa usiku kwa sababu mchana hakutokeki.

Msimamo wangu ni huu, na anayetaka kunitukana aanze hapa: mtu anayeonyesha matembezi ya ughaibuni wakati wa kiangazi, halafu akaficha saa, akaficha joto, akaficha ni siku ngapi amefanya kazi bila kupumzika, huyo anadanganya. Hata kama kila picha yake ni ya kweli. Na deni la uongo huo halilipi yeye. Linalipwa na mtu wa nyumbani, kwa shamba au kwa mkopo.

Sasa tuanze na hili joto lenyewe, manake najua nitaambiwa, "Wewe mtu wa Tana River unalia joto? Si umezaliwa nalo?" Hii nimeisikia mpaka imechakaa. Ni kweli kwetu ni joto. Kaskazi ikichoma, Februari na Machi, Garsen hupanda mpaka nyuzi 34, 35, siku mbaya hata zaidi. Mbuzi wenyewe hujibanza ukutani. Lakini kwetu mtu hulijua joto na joto humjua mtu. Shambani unaingia alfajiri, saa nne unatoka, unakaa chini ya mwembe, unarudi jioni. Hakuna msimamizi mwenye saa mkononi. Mto uko pale, ingawa na mamba nao wako pale. Na ikifika Julai ni kusi, upepo unapiga, asubuhi unatafuta shuka.

Julai ya Doha si ya kusi. Wastani wa joto la mchana mwezi huo ni nyuzi kama 42, na siku nyingi linapita hapo. Jirani zetu Kuwait, kituo cha Mitribah, tarehe 21 Julai 2016 kilipima nyuzi 53.9, na Shirika la Hali ya Hewa Duniani likakithibitisha kipimo hicho. Mwaka 2024, wakati wa Hija, Makka ilifika nyuzi 51 na ushee, na mahujaji zaidi ya 1,300 wakafariki, wengi wao wakiwa watu waliotembea juani kwa masafa marefu bila pa kujisitiri. Hao walikuwa huko kwa siku chache. Mwenye mkataba wa miaka miwili ana viangazi viwili.

Na namba ya joto peke yake haisemi yote. Mwili wa mtu hupoa kwa jasho, na jasho hupoza linapokauka. Agosti hapa hewa imejaa mvuke wa bahari. Jasho linatoka, halikauki, linatiririka tu mpaka ndani ya viatu. Miwani inaingia ukungu ukitoka mlangoni. Saa tano za usiku bado unahisi kama mtu amefungua sufuria la wali mbele ya uso wako. Kwa hivyo usiniambie nimezoea. Hakuna kabila lililozoea jasho lisilokauka.

Usiniamini mimi basi. Waamini wenye nchi. Serikali za Ghuba zenyewe zimekubali kwamba mchana wa kiangazi si wa binadamu kufanyia kazi nje, ndiyo maana zimeweka sheria. Hapa Qatar, tangu amri ya waziri ya mwaka 2021, kazi za nje zimepigwa marufuku kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa tisa na nusu mchana, tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba. Juu ya hapo, kuna kipimo kinachojumlisha joto, unyevu, jua na upepo, kikipita 32.1, kazi inasimama saa yoyote ile. Falme za Kiarabu wanafunga saa sita na nusu hadi saa tisa, 15 Juni hadi 15 Septemba. Saudia, saa sita hadi saa tisa, tarehe hizo hizo. Kuwait, saa tano hadi saa kumi, Juni mpaka mwisho wa Agosti.

Fikirieni hapo. Nchi nzima inaandika kwenye sheria kwamba kwa miezi mitatu, saa fulani fulani, mtu asisimame juani akafanya kazi. Halafu kijana wetu anaishi humo miezi hiyo hiyo mitatu, anatoa video arobaini, na hakuna hata moja yenye jua ndani yake. Jua limeenda wapi?

Nitawaambia limeenda wapi. Kwanza, simu yenyewe inagoma. Apple wanaeleza wazi kwamba iPhone ni ya kutumika mahali pasipozidi nyuzi 35. Itoe mfukoni saa saba mchana, dakika chache kamera inajizima, inakwambia subiri nipoe. Simu inaruhusiwa kusema hivyo. Mwenye simu, je? Pili, mwenye simu hiyo saa saba ama yuko kazini, na kazini kamera hairuhusiwi, ama amelala kwa sababu anaingia zamu ya usiku. Kwa hivyo kinachobaki kupigwa ni kile kipande kidogo cha maisha kilicho na baridi: ndani ya jengo la maduka, ndani ya metro, na usiku baharini. Kipande hicho ndicho kinachofika Hewani, na Hewani wanadhani ndiyo siku nzima.

Ngoja niwape siku nzima basi, ya Julai, ya mtu wa kawaida kama mimi. Unaamka saa kumi alfajiri. Unafungua bomba la maji baridi, yanatoka ya moto, kwa sababu tangi liko juu ya paa na limepikwa tangu jana. Sisi tunaoishi hapa tunajua ujanja wake: kiangazi unazima hita ya bafuni, yale maji yaliyokaa ndani ya hita, kivulini, ndiyo yanakuwa baridi yako. Maji ya moto yanatoka kwenye bomba la baridi, na ya baridi yanatoka kwenye hita. Basi la kampuni linapita saa kumi na moja. Zamu ni saa kumi na mbili. Ukibahatika, kituo chako kiko ndani, mlangoni mwa jengo, na kiyoyozi kinakupuliza mgongo. Usipobahatika uko kwenye geti, na kibanda chako kina feni inayosukuma hewa ya moto kutoka kona moja kwenda nyingine. Jioni basi tena. Foleni ya bafu. Foleni ya jiko. Chumba watu wanne au sita, kila mmoja na zamu yake, kwa hivyo taa haiwashwi ovyo na mtu hacheki kwa sauti. Unapiga simu nyumbani. Unalala.

Hiyo ndiyo siku. Mara sita kwa wiki kwa wengi wetu, na wapo wanaofanya saba.

Halafu inakuja ile ofu. Na hapa nataka nieleweke vizuri, kwa sababu kuna watu watageuza maneno yangu. Mimi sipingi matembezi. Matembezi ni haki ya mtu na ni dawa. Asiyetoka kwenye kile chumba huchanganyikiwa, nimeona. Metro ni riyali 2 safari moja, ina baridi mpaka unatamani sweta, na unaweza kupanda tu uzunguke bila kwenda popote. Kuna bustani ya Umm Al Seneem ambayo njia yake ya kukimbilia imefunikwa na kutiwa kiyoyozi, mita 1,143, unatembea kama uko Limuru. Villaggio kuna mfereji ndani ya jengo na dari limechorwa mawingu. Souq Waqif usiku unakunywa karak ya riyali chache, unakaa kwenye ngazi unatazama watu. Na Corniche kuna majahazi. Mara ya kwanza nilipoyaona nilisimama kimya kitambo, manake ukiyaangalia kwa mbali unaweza kudhani uko Lamu, gati mbele ya ngome. Mababu wa hapa na mababu wa pwani yetu walikuwa wakitembeleana kwa vyombo vile vile, wakifuata kaskazi na kusi, kabla hakujawa na ajenti wala viza.

Kwa hivyo piga picha. Jifurahishe. Umelitolea jasho, tena jasho la kweli. Ninachokataa ni kumwambia mdogo wako kwamba saa mbili za Corniche ni maisha ya Doha.

Kisha kuna wale ambao hata hizo saa mbili hawana. Dada zetu. Kadama wa Riyadh, wa Jeddah, wa Kuwait, wa hapa. Zile sheria za mchana nilizotaja zinahusu kazi za nje. Anayefanya kazi ndani ya nyumba ya mtu hahesabiwi humo, hata kama ndani ya nyumba maana yake ni kuanika nguo juu ya paa saa sita, kufagia ua, kuosha gari, na kusimama jikoni penye jiko nne zinazowaka. Qatar ina sheria ya wafanyakazi wa nyumbani, namba 15 ya mwaka 2017, inayosema mtu apate saa 24 za mapumziko kila wiki, na malipo yake hayakatwi. Imeandikwa vizuri. Lakini mwaka 2020 Amnesty International walizungumza na wanawake 105 waliokuwa wakifanya kazi za nyumbani hapa, na wengi wao walieleza siku ndefu kupita kiasi na ofu isiyokuja. Dada wa namna hiyo akipata dakika tatu za kujirekodi, atajirekodi sebuleni, pembeni ya kochi la tajiri, na sisi tutaona kochi. Hatutaona kwamba ile ndiyo mara yake ya kwanza kukaa tangu alfajiri.

Sasa nifike nyumbani, kwa sababu ndiko moto unakowaka. Nina mdogo wangu wa ukoo, sitamtaja, yuko Hewani, amemaliza fomu foo. Kijana mzuri, anajua mpunga, anajua mtumbwi, hesabu anazijua. Mwezi uliopita alinitumia video tatu za watu wa Doha na swali moja: "Kaka, ajenti anataka laki na nusu. Baba amekubali tukodishe kipande cha chini karibu na mto kwa miaka mitano. Nije?"

Sikumwambia njoo wala usije. Nilimwuliza: kati ya hizo video tatu, umejua huyo mtu analipwa ngapi? Hapana. Analala na watu wangapi? Hapana. Anapumzika siku ngapi kwa mwezi? Hapana. Umejua ni saa ngapi pale? Kimya. Halafu akaandika, "Si ni jioni?" Nikamwambia angalia kule juu, tafuta mwezi. Ni usiku wa manane karibu, na watoto wadogo bado wako nje wanacheza, kwa sababu huu ndio wakati pekee mtoto anaweza kucheza nje.

Kisha tukapiga hesabu pamoja. Kima cha chini cha mshahara hapa, tangu Machi 2021, ni riyali 1,000, na kama mwajiri hatoi chakula anaongeza 300, asipotoa malazi anaongeza 500. Tuchukue 1,300 na malazi ya kampuni. Kwa riyali moja shilingi kama 35, hiyo ni shilingi 45,500. Kwa Garsen ni pesa, sikatai. Lakini ukila, ukinunua vocha, sabuni, dawa, ukatuma nyumbani 25,000, laki na nusu ya ajenti inakula miezi sita kamili. Ukifika Mei, hiyo miezi sita ndiyo kiangazi chako chote. Yaani joto lote lile utalibeba kumlipa mtu aliyekuuzia tiketi ya kwenda kulibeba. Hapo ndipo yule kijana aliponiambia maneno yaliyonifanya niandike leo: "Mbona hakuna hata mmoja aliyesema?"

Ndiyo. Mbona hakuna hata mmoja aliyesema?

Najua majibu. Nimeyasikia yote, tuyachambue.

La kwanza: "Wewe una wivu, unaziba riziki za wenzako." Riziki ya mtu haizibwi na saa. Kama kazi ni nzuri, itabaki nzuri hata ikisemwa kwamba nje ni nyuzi 44. Mimi mwenyewe bado niko hapa, na sababu zangu ninazo. Mtu akija akijua, akaleta chupa yake kubwa ya maji, akajua haki yake ya saa nne hadi saa tisa na nusu, akajua kipimo cha 32.1, huyo atafanya kazi na atarudi na figo zake. Anayekuja kwa sababu ya maghorofa ndiye anayeona aibu kusema kichwa kinazunguka, mpaka aanguke.

La pili: "Watu hawataki kuona shida, video ya shida haiendi." Inawezekana. Lakini tangu lini samaki akampangia mvuvi bei? Wewe ndiye unayetoa video. Na si kweli kwamba haiendi. Video ya bomba linalotoa maji ya moto ilinipa watazamaji kuliko ghorofa lolote, kwa sababu watu walicheka, halafu wakauliza. Watu wanapenda kuuliza. Tatizo ni kwamba ghorofa haliulizwi swali.

La tatu ndilo zito, na sitalipuuza: "Huko Tana kuna nini? Ukame, kisha mafuriko." Kweli tupu. Mvua zilikataa misimu mitano mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020, mifugo ikaisha. Halafu mwishoni mwa 2023 na tena Aprili na Mei 2024 mto ukaja juu, mashamba yakazama, barabara ya Lamu ikakatika pale Lango la Simba, watu wakahamia kwenye hema. Wazee wetu wanakumbuka pia jinsi mradi wa mpunga wa TARDA ulivyobomolewa na mafuriko ya El Nino ya 1997 na 1998, na matumaini ya kazi ya vijiji vizima yakaenda na maji. Kwa hivyo kijana akisema anaondoka, mimi simwiti mjinga. Lakini hilo ndilo linalofanya uongo wetu kuwa mbaya zaidi. Mtu aliyeponea mafuriko amebakiwa na kitu kimoja: kile kipande cha shamba chenye tope zuri lililoachwa na mto. Ndicho anachokikodisha kwa ajili ya video yako. Ukimdanganya mtu mwenye vingi, umemkosea. Ukimdanganya mwenye kimoja, umemmaliza.

La nne ni la woga, na woga huu nauheshimu. Mwaka 2021, Mkenya mwenzetu Malcolm Bidali, mlinzi hapa hapa Doha, aliyekuwa akiandika kwa jina la Noah kuhusu maisha ya wafanyakazi, alikamatwa mwezi Mei, akawekwa kizuizini karibu mwezi mzima, kisha akatozwa faini ya riyali 25,000. Agosti akaondoka nchini. Kila mlinzi wa Kikenya hapa anaijua hadithi hiyo. Kwa hivyo simwambii mtu ajifanye shujaa. Simwambii apige picha ya kambi, ataje mwajiri, au aseme neno juu ya nchi ya watu. Tuko ugenini, na mgeni ana mipaka yake.

Lakini saa si siasa. Joto si siri ya serikali. Liko kwenye simu ya kila mtu, na wenye nchi wanalitangaza wenyewe ili watu wajilinde. Hesabu ya siku zako za kazi ni yako. Hakuna sheria inayokukataza kuandika chini ya video yako: "Saa 3:40 usiku. Nyuzi 36. Ofu yangu ya kwanza baada ya siku 13. Nauli na chai, riyali 9." Mistari minne mifupi. Ukiandika hivyo, uzuri wa Corniche haupungui hata chembe. Tena unaongezeka, kwa sababu mtazamaji anajua sasa umeununua kwa bei gani.

Ndilo ombi langu lote. Kila anayetoa video za ughaibuni, kuanzia Doha, Dubai, Riyadh, Muscat, aweke hivyo vitu vinne: saa, joto, siku za kazi kabla ya hiyo ofu, na pesa aliyotumia. Nyinyi mnaotazama, muwe mnauliza. Usiandike "nitoe huku" kabla hujauliza "hapo ni saa ngapi?" Mama akiletewa video na mwanawe, amuulize mwanawe: jua liko wapi?

Na serikali isijifiche nyuma yetu. Wakenya walio nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9 mwaka 2024, na kila mwanasiasa anaitaja namba hiyo akiwa na tabasamu. Kuna mpango wa Kazi Majuu, watu wanapangwa foleni mjini kwa mahojiano ya kazi za nje. Vizuri. Basi kwenye hizo foleni kuwe na karatasi moja ya Kiswahili, na kwa kina mama wetu isomwe kwa Kipokomo, Kiorma na Kigiriama: joto la unakokwenda ni hili, saa zilizokatazwa kufanya kazi nje ni hizi, dalili za mtu aliyezidiwa na joto ni hizi, kichwa kuuma, kichefuchefu, jasho kukatika ghafla, kuongea ovyo, na ukiziona fanya hivi. Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira ina orodha ya mawakala waliosajiliwa. Ibandikwe kwa chifu, pale watu wanapochukulia barua. Anayeweza kuleta foleni Garsen anaweza kuleta karatasi Hewani.

Msifikiri haya ni maneno ya kutisha watoto. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti kuhusu wafanyakazi wa Nepal waliofia hapa Qatar, ukaonyesha vifo vya matatizo ya moyo vikipanda miezi ya joto, na wengi wao walikuwa vijana waliopimwa wakaonekana wazima kabla ya kusafiri. Wazima, kama mdogo wangu. Nepal walichelewa kuambiana. Sisi tuna simu, tuna bando, tuna watazamaji, tunashindwa na nini?

Mdogo wangu bado hajaamua. Amemwambia baba yake wasubiri kukodisha lile shamba mpaka mvua za vuli, na yule ajenti ameambiwa alete namba yake ya usajili kwanza. Mpaka ninapoandika haya, hajaileta.

Kwa wenzangu wenye kamera: Ijumaa hii wengi wenu mtakuwa Corniche, na mimi nikipata ofu nitakuwa pale, upande wa majahazi. Tupige picha, tucheke, tunywe karak. Kisha kabla hujaituma, geuza simu, onyesha saa.